Sura ya Sita: Tahasusi Huanza na Tendo

Fumo Liyongo yumo gerezani Pate, miguu imo kwenye minyororo. Mama yake humletea chakula kwa mkono wa kijakazi wao, Saada, na kila chakula kizuri kinapofika mlangoni walinzi hukila wao. Liyongo anatunga wimbo. Walinzi wanausikia na hawaambulii kitu. Saada anaufikisha kwa mama, na mama anaelewa alichoagizwa: oka mkate wa wishwa, ndani yake uweke tupa. Walinzi wanauona mkate, wanaudharau, wanamwachia mfungwa. Siku ya kuuawa inapokaribia, Liyongo anaomba apigiwe gungu la mwisho. Matari yanarindima, matoazi yanalia, watu wanaitikia, na chini ya kelele hizo tupa inakereza chuma. Watu wanakuja kushtuka mfungwa yuko huru.

Wengi wanaijua hadithi hii kutoka kwenye utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Mimi naileta hapa kwa sababu ya kazi yetu. Ukimwambia mtu amgeuze Liyongo kuwa mhusika wa mchezo wa kuigiza wa mezani, mara nyingi ataanza na nguvu: pande la mtu, mwenye shabaha, asiyedhurika kwa silaha. Yote hayo yamo katika masimulizi, lakini mashujaa mia wanayo. Jambo alilolifanya Liyongo na ambalo huwezi kumtajia mwingine kirahisi ni kuitumia ngoma kuficha sauti ya tupa. Hapo ndipo penye tahasusi. Sura hii yote inasimama juu ya jambo moja: anayetaka kubuni tahasusi mpya atafute tendo kwanza. Jina, mavazi na namba atavikuta njiani.

Fani na tahasusi

Kwa aliyekifungua kitabu hiki hapa katikati, nieleze maneno ninayoyatumia. Watu wanne au watano huketi kuzunguka meza. Mmoja ni msimulizi. Yeye ndiye dunia, yaani mvua, walinzi wa lango, joka lililolala pangoni. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake. Jambo likiwa na mashaka, dadu ya nyuso 20 hurushwa. Kila mhusika ana fani: mpiganaji, msihiri, kuhani, mwizi, malenga, msasi na kadhalika. Anapanda ngazi kutoka ya kwanza hadi ya 20, na kila ngazi ina chake.

Ndani ya fani moja mna njia nyingi, na njia hizo naziita tahasusi. Neno nimeliazima kidato cha tano. Wanafunzi wote ni wa kidato kimoja, wanakula bwalo moja, lakini wa PCB (sayansi) na wa HGL (sanaa) ukiwakuta saa nne asubuhi wanafanya mambo tofauti kabisa. Kipimo ni hicho hicho mezani. Malenga wawili wa tahasusi mbili wakiingia chumba kimoja, kila mmoja afanye jambo ambalo mwenzake hawezi.

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson, ulikuwa na fani tatu tu: mpiganaji, msihiri na kuhani. Mwaka 1975 kiliongezwa kijitabu cha Greyhawk, wakaingia mwizi na shujaa wa kiapo. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kiliziweka baadhi ya fani chini ya nyingine: msasi na shujaa wa kiapo chini ya mpiganaji, mzugaji wa macho chini ya msihiri. Tangu hapo kila toleo limejaribu njia yake ya kumtofautisha mpiganaji na mpiganaji. Toleo la tano la mwaka 2014 ndilo lililoifanya tahasusi kuwa nguzo ya kila fani, na kitabu kipya cha mwaka 2024 kina fani 12, kila moja na tahasusi nne, na zote huchaguliwa mhusika anapofika ngazi ya tatu.

Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano ziko chini ya leseni ya Creative Commons. Yeyote anaweza kuandika tahasusi yake na hata kuiuza, mradi ataje alikochota. Mlango uko wazi. Shida iliyobaki ni ya ubunifu.

Namba husahaulika, tendo hukumbukwa

Tuwaweke wapiganaji wawili kwenye mizani. Tahasusi iitwayo Champion inampa mpiganaji hivi: kwa kawaida pigo huwa la kutisha dadu ikionyesha 20, lakini yeye hulipata hata kwa 19. Nafasi yake imepanda kutoka moja katika 20 hadi mbili katika 20. Kwa wastani, anayepiga mara 20 atapata pigo moja zaidi la namna hiyo. Tahasusi hii ina kazi yake, maana humfaa mgeni asiyetaka kukumbuka mambo mengi. Lakini jioni nzima inaweza kupita bila mtu yeyote mezani kutambua kwamba yule ni Champion.

Mwangalie sasa Echo Knight, iliyochapishwa mwaka 2020. Mpiganaji huyu huita taswira ya kijivu inayofanana naye, akaisimamisha mbali kidogo, kisha upanga wake ukapiga kutoka pale taswira ilipo. Akitaka, hubadilishana nayo mahali. Mchezaji wake hakai kusubiri bahati ya dadu. Tangu zamu ya kwanza anauliza maswali ambayo mpiganaji mwingine hana haja nayo: niiweke ng'ambo ya mto? Niiweke nyuma ya mlango? Asiyejua kanuni hata moja, akikaa pembeni kutazama, baada ya dakika kumi atajua huyu anafanya nini.

Kwa hiyo kabla sijaandika chochote hujaza sentensi moja: "Mhusika huyu ndiye yule anaye..." Kinachofuata lazima kiwe kitenzi ambacho mtu anaweza kukiona. "Ndiye yule anayepiga ngoma wenzake wakakata minyororo" imepita. "Ndiye yule mwenye uhusiano na bahari" haijapita, kwa sababu sijaona mtu akifanya kitu. Sentensi isipojazika, huiacha kwanza nikaenda kusikiliza hadithi.

Kumjenga Malenga wa Gungu

Tuichukue tupa ya Liyongo tuijenge hatua kwa hatua. Fani yake ni malenga. Malenga wa mchezo huu ana dadu za hamasa: humpa mwenzake dadu ndogo, ya nyuso sita mwanzoni, aiongeze kwenye jaribio lake. Ana idadi ndogo ya dadu hizo, kisha hana budi kupumzika ndipo azipate tena. Tahasusi ya malenga hutoa vipawa katika ngazi ya 3, ya 6 na ya 14. Kwa hiyo nafasi tunazo tatu.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa dhaifu, na nitaionyesha kwa sababu ni kosa ambalo kila mbunifu hupitia. Niliandika kwamba malenga akipiga ngoma, wenzake wote wanaongeza tano kwenye majaribio ya kujificha. Wachezaji waliiandika kwenye karatasi zao. Jioni ile hakuna aliyeikumbuka zaidi ya mara moja, na alipoikumbuka alisema tu, "Ongeza tano." Ngoma haikusikika mezani. Hadithi ya Liyongo ilikuwa imegeuka hesabu ya dukani.

Rasimu ya pili iliondoa namba ikaweka tendo: ngoma ikilia, kelele za wenzako hazisikiki. Hapo meza ilichangamka, ikachangamka kupita kiasi. Malenga alianza kupiga ngoma mbele ya kila mlango, kila kufuli, kila ngazi. Ngoma ikilia sana hupasuka. Kipawa kisicho na gharama kilifuta hofu yote ya kunyemelea, na bila hofu kunyemelea hakuna ladha.

Rasimu ya tatu ndiyo hii. Katika ngazi ya 3, malenga anapata Ngoma ya Kufunika. Kwa tendo dogo la zamu yake anatumia dadu moja ya hamasa na kuanza kupiga au kuimba. Kwa muda wa dakika moja, kelele yoyote ya wenzake walio ndani ya mita 18, iwe mlango unaovunjwa, mnyororo unaokatwa au deraya inayogongana, haisikiki nje ya muziki. Muziki wenyewe unasikika, na unasikika mbali. Kila mlinzi wa jengo sasa anajua kuna mtu anapiga ngoma.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoiponya tahasusi. Mchezo tayari una uganga wa kunyamazisha, unaoondoa sauti yote mahali fulani. Gungu linafanya kinyume chake, linajaza sauti. Anayenyamazisha anajificha. Anayepiga ngoma anajitokeza ili wenzake wajifiche, na lazima awe na sababu ya kuwa pale na ngoma yake. Msimulizi naye amepewa swali la kuuliza kila mara: "Walioisikia wanafanya nini?"

Katika ngazi ya 6 unakuja Mkate wa Wishwa. Mara moja kati ya pumziko refu na jingine, malenga huchagua kitu kimoja kinachotosha mkononi. Yeyote anayekikagua hurusha dadu ya busara. Akishindwa, anakiona kitu duni kisichostahili kuguswa. Hakijafichwa, kiko mbele ya macho yake. Nakipenda kipawa hiki kwa sababu hakimdanganyi mlinzi kuhusu kitu chenyewe. Kinatumia dharau aliyokuja nayo.

Katika ngazi ya 14 kinakuja kilele. Wimbo unapomalizika, kila mwenzako aliyekuwa akiusikia anafunguka: aliyefungwa kamba, aliyekamatwa na mikono ya jitu, aliyeshikwa na sihiri asiweze kusogea. Wote kwa pamoja wanaweza kukimbia mwendo wao kamili bila maadui kupata nafasi ya kuwapiga mgongoni. Ni mara moja kwa siku, na inatosha.

Angalia jinsi ngazi tatu zinavyofuatana. Ya kwanza inakupa tendo, ya pili inalipanua tendo hilo kwa pembe nyingine ya hadithi ile ile, ya tatu inalifikisha mwisho wake. Tahasusi nyingi ninazoletewa nizisome huvunjika ngazi ya pili, pale mbunifu anapoishiwa na wazo akaongeza mpira wa moto. Usione vyaelea, vimeundwa. Na jahazi huundwa kwa mbao zinazoshikana.

Tulipoijaribu rasimu hii, kundi lilikuwa limenaswa kwenye ngome ya mfalme wa kubuni. Mchezaji wa malenga hakusema "natumia kipawa." Aliweka kalamu chini akaanza kugonga meza kwa vidole, polepole, kisha kwa kasi. Wenzake wakaanza kunong'ona mipango yao chini ya mdundo ule. Msimulizi akasema walinzi wawili wanakuja. Mmoja ana hasira, mwingine amekumbuka harusi ya kwao na anataka kucheza. Mchezaji hakuacha kugonga. Kwa dakika mbili tatu hivi hakuna aliyetazama karatasi yake.

Mtego wa mahali, na heshima ya watu

Wazo jingine ambalo pwani inalitoa bila kuombwa ni rubani. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi, kisha kusi hushika zamu, na kwa karne nyingi majahazi yamekuja na kurudi Arabuni na Bara Hindi kwa kufuata pepo hizo. Mtu asomaye nyota na upepo anaonekana kama msasi aliyezaliwa tayari. Lakini hapa pana mtego. Ukimpa uwezo unaofanya kazi baharini tu, siku hadithi itakapokwenda jangwani mchezaji wako atakaa kama abiria. Msasi wa kitabu cha mwaka 2014 alilalamikiwa na wachezaji wengi kwa jambo hilo: alichagua aina ya mandhari anayoijua, na nje ya mandhari hiyo ujuzi ule haukuwa na kazi. Kitabu cha Tasha's Cauldron of Everything cha mwaka 2020 kikatoa vipawa mbadala.

Dawa ni kurudi kwenye kitenzi. Rubani hufanya nini hasa? Hungoja upepo, na ukigeuka naye hugeuka nao. Basi Rubani wa Pepo Mbili ajengwe hivi: kila alfajiri anachagua kaskazi au kusi. Akiwa na kaskazi, mara moja katika kila zamu humvuta mwenzake mita tatu kumsogeza kwake. Akiwa na kusi, humsukuma adui mita tatu kumtenga naye. Katikati ya pambano anaweza kuugeuza msimu mara moja tu, na akishaugeuza haurudi hadi alfajiri nyingine. Uamuzi wa kungoja au kugeuka unamfuata popote, jangwani, msituni na ndani ya pango. Bahari imebaki katika tabia yake hata maji yakiwa mbali.

Kuna mtego wa pili, na huu unanigusa zaidi. Mwandishi akitafuta ladha ya Afrika Mashariki, haraka sana mkono wake huenda kwa mganga, kwa majini, kwa ngoma za pepo. Mambo hayo kwa jirani yako si hadithi. Kuna mtu ambaye mama yake alipona kwa mganga, na kuna mwingine ambaye bibi yake alifukuzwa kijijini kwa tuhuma za uchawi. Mchezo huu wenyewe una kumbukumbu chungu: kitabu cha Oriental Adventures cha mwaka 1985 kilichanganya mila za mataifa mengi ya Asia katika chungu kimoja, na miaka mingi baadaye wachapishaji waliweka onyo kwenye vitabu vyao vya zamani kwamba vina mambo ya kuumiza watu. Mimi hufuata kanuni rahisi. Nikichukua kitu ambacho watu bado wanakiishi, nakiandika kwa namna ambayo mwenye nacho akiketi mezani kwangu atajitambua na atapenda kumcheza mhusika yule. Nikiona siwezi, nakiacha. Kisima cha hadithi hakikauki kwa ndoo moja niliyoiacha.

Mlinzi wa Kisima

Na kisima ndicho kinachonirudisha kwa Liyongo. Kifo chake kimehifadhi tendo la pili, ambalo nililiona baada ya miaka mingi ya kuisoma hadithi ile. Mwanawe mwenyewe, aliyehongwa kwa ahadi ya ufalme, alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, mahali pekee palipoweza kumwua. Liyongo aliamka, akachukua upinde, akaenda karibu na kisima akapiga goti na mshale umewekwa tayari. Akafa vile vile. Watu wakamwona, wakaogopa. Siku zikapita mji ukiwa hauna wa kuteka maji, hadi mama yake alipoitwa aje kumsihi. Hakuna aliyejua kwamba anasihiwa maiti, mpaka mwili ulipoanguka.

Sentensi imejijaza: huyu ndiye yule ambaye adui hajui kama amekufa.

Katika mchezo, mhusika akiishiwa pointi za uhai huanguka chini, na kila zamu yake hurusha dadu ya nyuso 20. Kumi au zaidi ni heri, chini ya kumi ni shari. Heri tatu zinamtuliza, shari tatu zinamwua. Kwa kawaida dadu hiyo hurushwa mbele ya wote, na wote hushusha pumzi au hushika kichwa. Mlinzi wa Kisima, ambaye ni tahasusi ya mpiganaji, hupata kipawa hiki katika ngazi ya 7: akiishiwa pointi za uhai haanguki. Anabaki amepiga goti, silaha mkononi, asiweze kufanya lolote. Adui anayetaka kumkaribia ndani ya mita tatu lazima arushe dadu ya busara, na akishindwa miguu inamgomea. Dadu za heri na shari mchezaji huzirusha chini ya kikombe, na wanaoziona ni yeye na msimulizi peke yao. Wenzake nao hawajui. Anayetaka kujua lazima aende amguse.

Nimesoma tahasusi nyingine za mtu asiyekubali kufa. Kuna ya mshari mwenye jazba ambaye, katika ngazi za juu, huendelea kupigana hata pointi zikiisha. Hiyo ni nguvu ya kupiga. Mlinzi wetu hana nguvu yoyote iliyobaki. Kinachofanya kazi ni hofu ya wanaomtazama na upendo wa wanaomngoja. Gharama yake iko hapo hapo, kwa sababu mwenye dawa naye hajui kama amechelewa.

Tuliijaribu usiku mmoja, mhusika akiwa amebaki peke yake kwenye kivuko ili wenzake wavuke. Kikombe kilifunikwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maadui walisimama upande wa pili wa maji wakitazamana. Mchezaji wa kuhani alimsoma mwenzake usoni akakosa jibu, akamtazama msimulizi, akakosa tena. Angeweza kutumia zamu yake kukimbia. Njia ilikuwa wazi na kila mtu alimwambia hivyo. Akasema, "Narudi. Namshika bega." Alivuka maji tena, hatua baada ya hatua, na msimulizi akamwachia mwenye dadu ainue kikombe yeye mwenyewe.